Nyuzi za kuvuta uso: tangazo linasema nini, na linanyamaza wapi



Tumezoea kukosoa vitabu, hotuba za wakubwa na nyimbo za vijana. Leo nakosoa andiko fupi kuliko hayo yote: tangazo. Simlengi mufanyabiashara mmoja. Nimeangalia zaidi ya ishirini, mengi kwa Kifaransa, mengine kwa Kiingereza, mawili kwa Kiswahili chetu hiki, na yote yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu ameketi kwenye kiti. Mashavu yake yameshuka kidogo, kama ya mtu yeyote aliyeishi. Munganga, ao mtu aliyevaa koti jeupe, anaingiza sindano ndefu karibu na sikio, anavuta uzi, na shavu linapanda palepale mbele ya macho yako. Halafu zinakuja foto mbili, kabla na baada, na maneno yanapita chini: bila kisu, uzi unayeyuka wenyewe, saa moja tu, kesho unarudi kazini.

Video ya namna hiyo ilipita katika kikundi cha promosheni yetu. Mioyo myekundu ilimiminika. Dada mmoja aliandika: "Njo hii nilikuwa natafuta! Beyi ngapi?" Mwingine akajibu kwamba zamu yake ya likelemba iko karibu, na safari hii atajikumbuka yeye mwenyewe, watoto wamekula vya kutosha. Nilicheka, maana ni haki yake. Lakini katika jumbe zaidi ya sitini, sikuona hata mutu mmoja aliyeuliza: na ikiharibika, je? Kati yetu kuna waalimu, wanasheria, wahasibu, hata wauguzi. Tulifundishwa kuuliza ushahidi. Basi tuchukue tangazo hili kama tulivyokuwa tunachukua andiko katika kalasi: neno kwa neno.

"Bila kisu"

Neno hili ni kweli, na njo maana linadanganya vizuri. Ni kweli hakuna mkato mrefu mbele ya sikio kama ule wa upasuaji wa kuvuta uso. Munganga anatia dawa ya ganzi, anatoboa tundu dogo karibu na nywele, kisha anapitisha sindano ao mrija mwembamba chini ya ngozi mpaka karibu na mdomo ao taya. Ndani yake kuna uzi. Nyuzi nyingi za kuvuta zina vijino vidogo, kama vya ndoana ya samaki, ao vifundo vyenye koni ndogo. Vijino vinashika nyama laini, munganga anavuta, ngozi inapanda.

Sasa fikiri sindano hiyo inapita wapi. Uso siyo mto wa pamba. Chini ya ngozi ya shavu kuna matawi ya mshipa wa fahamu unaotuwezesha kucheka, kufumba jicho na kupandisha nyusi. Kuna mishipa ya damu. Mbele ya sikio kuna tezi kubwa ya mate, na mfereji wake unakatiza shavu kupeleka mate mdomoni. Sindano inapita humo bila munganga kuona kwa macho yake. Anategemea ujuzi wa vidole na kumbukumbu ya ramani ya uso. Mpasuaji mwenye kisu amefungua, anaona anachokigusa. Huyu wa uzi anatembea gizani katika nyumba ambayo anapaswa kuijua vizuri sana.

Waganga wameshaandika katika majarida yao kuhusu wagonjwa waliochomwa mfereji ule wa mate, wakavimba shavu kila walipokula. Wameandika kuhusu wengine ambao upande mmoja wa mdomo ao nyusi ulilegea. Hayo hayatokei kila siku, na mara nyingi udhaifu wa mshipa unapona baada ya wiki ao miezi. Hata hivyo "bila kisu" haina maana ya "bila kuingia ndani". Tangazo limekuambia chombo ambacho hakikutumika, halikukuambia chombo kilichotumika kimefika wapi.

"Uzi unayeyuka wenyewe"

Hapa kuna historia kidogo, na tangazo haliitaki. Nyuzi za kwanza zenye vijino zilizopata jina kubwa kwa ajili ya uso zilitoka Urusi mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa munganga Marlen Sulamanidze. Zilikuwa za polipropilini, aina ya plastiki. Hazikuyeyuka hata kidogo. Zilisambaa Ulaya na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kelele nyingi, halafu malalamiko yakaanza: nyuzi zinashikika kwa kidole, nyuzi zinatokeza nje, uso umerudi ulivyokuwa. Kelele ikapungua.

Kisha zikaja nyuzi zinazoyeyuka. Zile za polidioksanoni zinatumika katika upasuaji tangu miaka ya 1980 kushona nyama za ndani, na mwili unazimaliza kwa miezi sita hadi minane hivi. Nyingine, za asidi ya polilaktiki ao polikaprolaktoni, zinakaa zaidi. Mwaka 2015 shirika la Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya tiba, FDA, liliruhusu nyuzi za aina hiyo zenye koni kwa ajili ya kuinua shavu. Kwa hiyo mutu asiseme ni uchawi ao wizi mtupu. Ni kifaa cha tiba, kina watu waliokisomea, na katika mikono mizuri, kwa uso uliolegea kidogo tu, kinaleta mabadiliko madogo ambayo wengine wanayafurahia. Nasema haya wazi ili tusibishane juu ya jambo ambalo sisemi.

Ninachosema ni hiki: uzi unaoyeyuka unaondoa shida moja na kuleta swali lingine. Kama kinachoshika shavu kinayeyuka kwa miezi minane, shavu litashikwa na nini mwezi wa tisa? Wauzaji wanajibu kwamba uzi unaamsha kolajeni mpya, ile protini inayofanya ngozi iwe imara, na kovu hilo dogo la ndani linabaki likishika. Jibu lina msingi, mwili kweli unajenga kitu kuzunguka uzi. Lakini kutoka "mwili unajenga kitu" mpaka "uso utabaki juu miaka miwili" kuna mto, na daraja halijajengwa. Mwaka 2018 watafiti waliopitia maandishi yaliyokuwepo juu ya nyuzi hizi, katika jarida kubwa la upasuaji wa kurekebisha mwili, waliona ushahidi wa ahadi zile ni dhaifu. Na kuyeyuka siyo kutoweka leo. Uzi ukiwekwa juu mno, ao ukishika vijidudu, utakaa na shida hiyo usoni muda wote unaouchukua kuyeyuka.

Foto mbili

Foto njo moyo wa tangazo, na njo mahali ninapoona ujanja mkubwa kuliko maneno. Angalia vizuri. Foto ya "kabla" mara nyingi ina taa ya juu, kidevu kimeshuka, hakuna rangi ya mdomo. Foto ya "baada" ina taa ya mbele, kidevu kimeinuka, nywele zimefungwa. Tulishajua hayo, hata foto ya pasipoti inatufundisha. Swali kubwa ni lingine: "baada" ya nini? Ya dakika kumi? Ya miezi sita? Tangazo halisemi tarehe.

Mwaka 2009 waganga wa Marekani walichapisha utafiti mdogo: walilinganisha foto za watu waliowekewa nyuzi na za watu waliofanyiwa mambo mengine ya uso bila nyuzi, baada ya muda mrefu. Walihitimisha kwamba nyuzi zinaleta nafuu ndogo na ya muda mfupi, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu ile inaweza kuwa ni uvimbe tu unaofuata kuchomwa. Someni tena: uvimbe. Mashavu yanajaa kwa sababu yameumizwa, ngozi inanyooka kwa sababu imevimba, na foto inapigwa. Utafiti ule ulihusu nyuzi za wakati ule, na siyo haki kuupakia kila uzi wa leo. Lakini swali lake ni zuri kwa kila foto: tunaangalia uzi ao tunaangalia uvimbe? Tangazo lenye foto za siku ya kwanza, ya mwezi wa tatu na ya mwaka mzima, mwanga ule ule, uso ule ule, ningeliheshimu. Katika yale ishirini, sikuona hata moja.

Kile ambacho hakikuandikwa

Mkosoaji mzuri anasoma pia mahali peupe pa karatasi. Basi tuandike sisi kile tangazo limeacha. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 26 juu ya madhara ya nyuzi za uso. Kwa wastani, uvimbe ulitokea kwa watu 35 katika 100. Vidimbwi, yaani ngozi kuvutwa ndani kama mto uliofungwa kifungo, 10 katika 100. Kufa ganzi ao kusisimka kusiko kwa kawaida, 6. Uzi kuonekana ao kushikika chini ya ngozi, 4. Maambukizi, 2. Uzi kutoka nje, 2. Nyuzi zisizoyeyuka zilikuwa na hatari zaidi ya kuleta ganzi na kutoka nje kuliko zinazoyeyuka.

Mutu anaweza kusema: mbili katika mia, ni kidogo. Ndiyo, ni kidogo, na uvimbe unapita kwa siku kadhaa. Lakini hesabu hii tuijue namna ya kuisoma. Kwanza, ilitoka kwa waganga wanaochapisha kazi zao, maana yake wanaofuata wagonjwa wao na kuandika. Mwenye kuweka nyuzi katika chumba cha nyuma cha saluni hachapishi kitu. Pili, mbili katika mia ni mwanamke mmoja katika kila hamsini. Promosheni yetu ina wanawake zaidi ya hamsini.

Na maambukizi haya siyo chunusi. Kitu kigeni kikikaa mwilini na vijidudu, dawa pekee mara nyingi haitoshi. Lazima uzi utolewe, na uzi wenye vijino hautoki kirahisi, maana ulitengenezwa ili usitoke. Yameandikwa pia maambukizi ya vijidudu vya ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu, vile vinavyopenda maji na vifaa visivyosafishwa vizuri. Hivyo havionekani kwa kipimo cha kawaida, vinajitokeza wiki kadhaa baadaye kama majipu yasiyopona, na vinadai dawa kadhaa kwa miezi. Munganga asiyefikiri juu yao atatoa antibiotiki ya kawaida, kisha nyingine, kisha nyingine.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi hasa. Wanawake wengi katika matangazo haya ni weupe, ao wa Asia. Ngozi yetu nyeusi ina tabia zake. Inazeeka polepole kwa mikunjo, na hiyo ni zawadi. Lakini ikiumizwa inaacha doa jeusi kwa urahisi zaidi, na watu wetu wengi wana hatari ya keloidi, lile kovu linaloota na kupita mpaka wa kidonda. Kila mama wa hapa anamjua mutu aliyetobolewa sikio akapata kidonge kama punje ya karanga. Sasa mtu huyo huyo atatobolewa matundu kadhaa pembeni ya uso, na tangazo halimuulizi hata: mama, una keloidi?

Nani atakupokea?

Hapa njo mahali ambapo jambo linatoka katika urembo na kuingia katika maisha yetu ya Kongo. Wengi katika kikundi walisema watafanya Dubai ao Istanbul wakati wa safari ya biashara. Bon. Nyuzi zinawekwa Jumatano, ndege ni Ijumaa. Uvimbe wa kawaida na maambukizi yanayoanza vinafanana siku za kwanza. Ukifika Lubumbashi, Bukavu ao Goma, shavu linauma wiki ya tatu, unaenda lopitali na kumkuta munganga wa zamu. Anakuuliza: uliwekewa nini? Uzi wa aina gani, ngapi, umepita wapi? Huna karatasi. Una foto ya kabla na baada. Kilinike ya kule inajibu ujumbe wako kwa alama ya moyo, na kusema weka barafu.

Ao unafanya hapa hapa, kwa mutu aliyeagiza nyuzi kwa intaneti na kujifunza kwa video. Boksi la nyuzi linanunulika na yeyote mwenye karte ya benki, na boksi halimfanyi mtu kuwa munganga. Katika inchi yetu munganga lazima awe ameandikwa katika Ordre des Médecins. Ni swali la dakika mbili: jina lako kamili na namba yako ni ipi? Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha jibu.

Kuna dada mmoja, simtaji wala mji wake, aliyenionyesha shavu lake mwaka uliopita. Kuna mstari kama kamba nyembamba unaojitokeza kila anapocheka. Hana maumivu. Uzi uliwekwa juu mno, njo yote. Aliniambia neno ambalo limebaki kwangu: "Sasa nacheka kidogo kidogo." Alilipa ili awe huru mbele ya kioo, na amejifunza kupunguza kicheko. Katika jedwali la watafiti yeye ni mmoja katika wale wanne wa "uzi kuonekana", dhara dogo.

Pingamizi mbili

Najua nitajibiwa. La kwanza: "Ni franga zake, ni uso wake, wewe unaingilia nini?" Nakubali nusu. Uso ni wake, na sina haki ya kumpangia. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji habari kamili, na tangazo limempa nusu. Mwenye kuficha nusu ya habari njo aliyeingilia uhuru wake, siyo mwenye kuileta. Tulishaona filamu hii kwa mafuta ya kujichubua. Miaka mingi watu walisema ni mapendo ya mtu, na leo kuna mama zetu ambao munganga anahangaika kuwashona wakifanyiwa upasuaji, sababu ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi.

La pili: "Hata upasuaji mkubwa una hatari, hata dawa ya malaria ina hatari." Ni kweli kabisa. Lakini dawa ya malaria ina karatasi ndani ya boksi, na mpasuaji wa kweli anakukalisha, anakueleza, unatia sahihi. Hatari yenyewe siyo aibu ya uzi. Aibu ni kuuza tiba kama sabuni. Na faida nayo tuipime: kwa malaria tunakubali madhara ili tusife. Hapa tunayapima na shavu lililopanda kidogo kwa miezi kadhaa. Mizani siyo moja.

Kwa yule dada wa likelemba

Sikuandika ili kukuzuia. Ukiamua kwenda, chukua maswali haya, na usitoe hata dola kumi kabla ya majibu. Nani atashika sindano, na amesomea wapi? Uzi ni wa nini, unayeyuka kwa muda gani, na utanipa karatasi yenye jina na namba ya boksi? Umeweka wangapi wenye ngozi kama yangu, na naweza kuona foto zao za mwaka mmoja baadaye? Mimi ao ndugu zangu tukiwa na keloidi, bado unakubali? Uzi ukitoka nje ao shavu likivimba wiki ya tatu, nampigia nani, na nani analipa? Uso wangu umelegea kiasi ambacho uzi unaweza kusaidia, ao unaniuzia kwa sababu nimekuja?

Swali la mwisho njo kipimo. Munganga mzuri atawaambia wengine: hapana mama, kwako haitasaidia, baki na franga zako. Mwenye tangazo hawezi kusema hivyo kamwe, maana tangazo halimjui anayeliangalia. Linamwambia mwenye miaka 25 na mwenye miaka 65 neno moja.

Na ukipata shida ukiwa umekwisha fanya, usione haya. Nenda lopitali mapema, sema kila kitu, usikamue, usivute uzi kwa mkono. Jicho likibadilika kuona, mdomo ukipinda, homa ao usaha ukitokea, hiyo siyo ya kungoja kesho.

Sisi wengine, kabla ya kutuma moyo mwekundu, tuandike kwanza swali moja chini ya video: hii foto ni ya baada ya siku ngapi? Wakijibu, tutajifunza. Wakinyamaza, tumejifunza pia.